Kabati la Baba Lilivyopanda Mwanga: Tabora hadi Kigoma na Mizigo ya Nyumba Nzima

Nimerudi Tabora juzi. Haya nimeyaandika kutoka kwenye kidaftari cha mfukoni, risiti na picha za simu, nikiwa mezani kwa Mama, kabla bei hazijanitoka kichwani. Mdogo wangu wa kike ni nesi. Alipata uhamisho wa kwenda Kigoma, akapanga nyumba ghorofa ya pili huko Mwanga, kilimani, akatangulia kuripoti kazini. Mimi ni mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mizigo nikaachiwa mimi.

Mizigo yenyewe ilikuwa ya kawaida: kitanda, godoro, friji, jiko la gesi na mtungi wake, makochi matatu, cherehani, maboksi kumi na manne, ndoo na masufuria. Kisha kabati. Baba alikuwa seremala, na kabati hilo la mninga ndilo kazi yake kubwa ya mwisho. Alilitengenezea binti yake. Limeungwa kwa ndimi na matundu, halina msumari hata mmoja, na haliwezi kufunguliwa vipande vipande. Urefu futi saba, upana futi tano. Watu wawili walishauri tuliache Tabora, dada anunue jingine Kigoma. Mama akajibu mara moja tu, "Kabati liende kwa mwenyewe."

Jumatano, 25 Juni. Tabora

Gari lilikuwa lifike saa moja asubuhi. Mwenyewe nilipatana naye Jumatatu kwa milioni moja na laki moja hadi Kigoma, nikampa kianzio cha laki moja na nusu kwa kuwa alisema anaweka mafuta. Saa tatu simu yake iliita bila kupokelewa. Saa tano haikupatikana kabisa. Mizigo yote ilikuwa nje chini ya mwembe, na Mama ameketi juu ya boksi la vyombo, kanga begani, hasemi neno.

Fedha ile sijaipata hadi leo, na inaniuma. Nilimpa bila kuona kadi ya gari, bila maandishi na bila shahidi. Wewe unayejiandaa kuhama, usitoe kianzio mpaka mzigo umepanda garini. Andikeni karatasi yenye namba ya gari, bei, mahali pa kushushia na nani analipa makuli, kisha wasaini mashahidi wawili. Dereva mkweli hatakasirika. Yule wa pili niliyempata ndiye aliyeniomba karatasi.

Jioni tulirudisha kila kitu ndani. Seremala jirani, aliyejifunza kazi kwa Baba, alikuja kusaidia kubeba kabati, akaniambia, "Mwalimu, acha kutafuta gari la kwenda Kigoma. Tafuta linalorudi." Magari yanaleta dagaa na mawese Tabora, yakishashusha yanatafuta mzigo wa kurudi nao ili yasirudi matupu. Nilikuwa nimeishi mjini hapa miaka yote bila kuliwaza hilo.

Alhamisi, 26 Juni. Kupakia

Kabla ya saa mbili nilikuwa mahali wanaposhusha dagaa. Nikakuta Fuso moja, dereva Muha wa makamo, mtu wa maneno machache. Hakutaja bei. Alisema, "Twende nikaone." Alipofika alilizunguka kabati, akalipima kwa mikono, akafungua mlango mmoja, akaufunga taratibu, akauliza nani alilitengeneza. Nilipomwambia, akavua kofia kidogo. Bei yake ilikuwa laki sita na nusu: nusu baada ya kupakia, nusu baada ya kushusha. Akaenda kuosha bodi la gari. Harufu ya dagaa haikuisha, tukatandika turubai.

Wapakiaji walikuwa vijana wanne kutoka kijiwe cha karibu, kila mmoja elfu kumi na mbili. Seremala jirani akawa msimamizi. Kabati lilivishwa mablanketi mawili na kufungwa kwa kamba ya katani. Alikataza utepe wa gundi usiguse mbao, maana ukibanduliwa unatoka na vanishi. Droo zilitolewa zikapakiwa peke yake. Kabati likasimamishwa nyuma ya kibanda cha dereva, godoro likawekwa kati yake na makochi, friji wima pembeni, mtungi wa gesi ukafungwa vizuri na kukaa nyuma mahali penye hewa. Friji lisilazwe. Ikibidi kulazwa, likifika lisimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Niliwatazama vijana wale wakijitwisha maboksi, kata kichwani, nikawaza jinsi kazi hii ilivyo ya zamani kwetu. Karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu na vitambaa kati ya Ujiji, Tabora na pwani, mtu mmoja akichukua kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mwezi baada ya mwezi. Mji huu umejengwa na mabega. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "makuli tu".

Ijumaa, 27 Juni. Tabora, Urambo, Kaliua, na springi

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, mimi, dereva na utingo wake. Mama alinipa matobolwa na karanga za kukaanga kwenye kopo, akamwambia dereva, "Mwanangu, endesha ukijua umebeba mtu." Dereva akaitika, "Ndiyo, mama."

Urambo tulikunywa chai na chapati, elfu moja na mia tano kila mtu. Kutoka hapo ni miombo na mashamba ya tumbaku, na mizinga imening'inia mitini. Kwenye kizuizi kimoja ofisa aliuliza kuhusu kabati, kwa kuwa mninga ni mninga hata ukiwa samani. Nilimwonyesha barua ya uhamisho ya dada na barua ya serikali ya mtaa yenye orodha ya vitu. Akasoma, akaturuhusu, akatutakia safari njema. Hiyo barua ya mtaa usiiache, na kama samani ni mpya beba risiti ya fundi.

Mbele ya Kaliua, mchana, tukasikia mlio wa chuma chini. Jani la springi limekatika. Utingo akapanda bodaboda na jani lililovunjika begani kurudi Kaliua kutafuta jingine. Tukakaa hapo saa sita.

Kulikuwa na nyumba moja tu karibu, ya udongo, na mama mmoja akianika muhogo. Nilimwamkia, akaitika, akaleta kigoda bila kuuliza sisi ni nani. Baadaye kidogo akaja na ugali na uyoga mkavu uliopikwa kwa karanga, sahani moja kubwa kwa ajili yangu na dereva. Tulikula pamoja na wanawe wawili. Nilipotoa elfu kumi alirudisha mkono wangu. "Mgeni halipi," akasema. Nikawapa watoto kopo la karanga za Mama, hilo akalipokea kwa mikono miwili. Alitaka kujua tumebeba nini kikubwa hivyo chini ya mablanketi. Nilipomweleza, akasimama akalitazama gari muda, akasema baba yangu alimpenda binti yake.

Wakati tunangoja niliwaza kuwa njia hii si ngeni kwa kusubiri. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliondoka Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenda Ujiji, akalazimika kuzunguka mbali kusini kwa sababu njia ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa na vita vya mtemi Mirambo. Ilimchukua wiki kadhaa. Sisi saa sita zilitutosha.

Utingo alirudi jioni na jani lililotumika, elfu arobaini na tano, dereva akalipa mwenyewe kwa sababu karatasi yetu ilisema matengenezo ni ya gari. Tulilala Nguruka, chumba elfu kumi na tano, kambale wa kukaanga na ugali elfu tano. Utingo alilala juu ya mzigo.

Jumamosi, 28 Juni. Malagarasi, Uvinza, Kigoma

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto tulipovuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete. Dereva alipunguza mwendo bila kuombwa. Alisema anakumbuka jinsi mto huu ulivyokuwa unawakatisha tamaa kabla ya daraja.

Uvinza tulinunua chumvi. Chumvi ya hapa inatokana na chemchemi za maji ya chumvi, na watu wameipika tangu zamani sana, kabla ya reli na kabla ya Wajerumani. Mfuko mdogo ukaingia kwenye boksi la jikoni la dada.

Baada ya Kidahwe ardhi inaanza kupanda na kushuka, na mtu wa Tabora tumbo linacheza. Michikichi ikaongezeka kando ya barabara. Kisha pale mbele, chini, ziwa. Tanganyika haionekani kama maji mwanzoni, inaonekana kama anga limeshuka. Saa nane mchana tulikuwa Mwanga.

Hapo ndipo shida halisi ilipoanza, na ndipo nataka msomaji asimame kidogo. Tabora ni tambarare. Gari linafika mlangoni, mizigo inashuka, imekwisha. Kigoma ni milima. Kutoka barabara kubwa hadi nyumba ya dada ni kichochoro cha mita kama mia na hamsini, kinapanda, kina mtaro katikati na kona mbili. Bajaji inafika. Fuso halithubutu. Dalali alimwambia dada gari linafika mlangoni, na yeye hakuwahi kuwaza gari la ukubwa gani.

"Kaka, nisamehe," akasema. "Mimi huwa napanda kwa miguu tu."

Vijana kama kumi walikwisha lizunguka gari. Mmoja ameshashika boksi, mwingine amepanda bodi, wa tatu ananitajia laki tatu bila kuona kilicho chini ya turubai. Nikawaomba washuke. Haikuwa rahisi, sauti zilipanda, na dereva ndiye aliyewatuliza kwa Kiha. Tukaamua mzigo ulale garini. Yeye na utingo wakalinda kwa elfu ishirini.

Jumapili, 29 Juni. Siku ya kabati

Mwenye duka la chini alinielekeza kwa mzee mmoja, nyapara wa makuli, ambaye zamani alikuwa akipakia maboti Kibirizi. Nilimkuta karibu na soko la Mwanga akinywa kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwakeye. Mzigo uko wapi?"

Sikuwa nimesema nina mzigo. Alicheka, akasema mgeni anayetafuta mtu asubuhi ya Jumapili hana jambo jingine.

Naye pia hakutaja bei kwanza. Alipanda garini na uzi. Akapima urefu wa kabati akapiga fundo, upana fundo, kina fundo. Kisha akapanda kichochoro, akapanda ngazi, na pale ngazi zinapokata kona akaunyoosha uzi ule huku na huku, wima na mshazari. Akashuka.

"Halipiti."

Moyo ulinianguka. Nilimwambia halifunguki. Akasema ameona, na kazi kama ile haifai kufunguliwa. Akaenda kusimama nje ya nyumba akatazama roshani ya ghorofa ya pili. "Litapanda kwa huku."

Nikamuuliza kama amewahi kufanya hivyo. Akanijibu kwa utulivu: "Mwanangu, meli ya Liemba ililetwa hapa imo kwenye makasha. Imeundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, ikaja kwa reli, ikaungwa upya hapa Kigoma, ikaingia majini 1915. Mji huu umezoea kupokea vitu vizito."

Bei yake: laki moja na elfu ishirini kwa mizigo yote kutoka garini hadi ndani, na elfu sitini kwa kabati peke yake. Jumla laki moja na themanini, watu wanane. Sikupunguza hata shilingi. Alitaka niombe ruhusa ya mwenye nyumba kutumia roshani, nikampigia. Mwenye nyumba alikubali kwa sharti kwamba ukuta ukichubuka napaka rangi.

Maboksi, makochi na kitanda vilipanda haraka, sina la kusimulia. Friji lilibebwa na watu wawili kwa mzegamzega, limening'inizwa kwenye mti mnene, wanatembea hatua moja, wanapumzika, hatua moja. Mtungi wa gesi kijana mmoja aliupakata kifuani kama mtoto.

Kabati waliliacha mwisho. Lilipanda kichochoro kwa miti miwili na mabega sita. Mzee alitangulia akirudi kinyumenyume, macho kwenye miguu ya wabebaji, anatamka tu, "Shimo. Mtaro. Kulia. Tua." Wakilitua, mtu anasogeza tairi kuukuu chini yake ili miguu ya kabati isiguse mawe. Majirani walitoka. Bibi mmoja aliondoa nguo zake kwenye kamba ili tupite.

Chini ya roshani walisimamisha mbao mbili ndefu za kuazima kutoka kwa fundi ujenzi, zikaegemea ukingo wa zege kwa mshazari. Juu ya ukingo wakafunga tairi mbili. Kamba tatu za manila: mbili zinavuta kutoka juu, ya tatu imefungwa chini ya kabati na kushikwa na mtu mmoja pembeni ili lisiyumbe. Mafundo aliyafunga mzee mwenyewe, mafundo ya maboti, akayakagua kila moja kwa kulivuta na uzito wake wote. Wanne juu, watatu chini, yeye katikati ya njia akitoa amri. Dada alishindwa kutazama, akaingia jikoni.

Walivuta kwa pumzi moja, wakapumzika kwa pumzi moja. Kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili ubao mmoja ulisogea kidogo. Mzee alisema "Simama" kwa sauti ya chini kabisa, na wote wakasimama. Kabati likawa limening'inia pale, mablanketi yamevimba kwa upepo wa ziwa. Kijana mmoja aliurudisha ubao kwa kuupiga kisigino. Mzee akasema "Haya." Dakika chache baadaye nikaona miguu ya kabati la Baba ikiingia roshani, nikakaa chini kwenye ngazi kwa sababu magoti hayakunibeba.

Tulipolivua mablanketi, mzee ndiye aliyeona mchubuko kwenye kona ya chini, urefu wa kidole. Mimi nisingeuona. "Huu ni wetu," akasema. "Toa elfu kumi kwenye hela yetu." Nilikataa, nikamlipa yote mkononi mbele ya vijana wake, naye akagawa hapo hapo, kila mtu akiona fungu la mwenzake. Dada alikuwa amepika wali na migebuka, na sombe kwa mawese. Tulikula wote sakafuni, kabati likiwa mgongoni mwetu.

Kwa atakayehamia Kigoma au mji wowote wa milima: mtume mtu akatembee kutoka mahali gari kubwa linapoishia hadi mlangoni, apime kona ya ngazi kwa uzi, kisha ndipo uzungumze bei. Na usipatane na mtu ambaye hajauona mzigo.

Jumatatu, 30 Juni

Asubuhi tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, dada akaandikishwa. Friji tuliwasha mchana, likaunguruma vizuri. Jioni tulishuka Ujiji kwa daladala, tukala dagaa.

Hesabu, bila chakula na bila ile laki moja na nusu iliyopotea: gari 650,000, kupakia Tabora 48,000, kamba na turubai 35,000, chumba Nguruka 15,000, ulinzi 20,000, kushusha na kupandisha 180,000. Jumla 948,000.

Kurudi

Nilirudi kwa treni. Stesheni ya Kigoma iko chini kabisa mjini, karibu na maji, reli iliyofika hapo 1914 na kuishia hapo. Nilibeba dumu la mawese, dagaa kilo mbili na chumvi ya Uvinza. Nililala karibu njia yote.

Mama aliketi na simu yangu muda mrefu, akitazama picha moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye ile ya kabati likiwa hewani alinyamaza, akaikuza kwa vidole, akawahesabu watu.

"Hawa walikula?"

"Walikula, Mama. Wali na samaki."

Akaendelea na picha inayofuata.